Ile Glasi ya Pinki Ni Tangazo



Siku hizi kuna mtindo umeshika kwenye simu. Mtu anaamua kurudia kutazama tamthilia ya zamani ya Marekani, kuanzia msimu wa kwanza. Anaalika mabeshte, anawasha mishumaa, anapanga meza: kokteli upande huu, kitu kitamu cha kutuliza roho upande ule. Anapiga picha, anaandika vipimo, anaposti. Na wewe uko zako Majengo, Old Town, Eastleigh, Malindi ama Garissa, unaipa laiki, unaisevu, unamtumia dada yako: "Siku moja na sisi tufanye hivi."

Hebu tuongee kuhusu hiyo glasi.

Nasema hivi, na nitaeleza kwa nini: hiyo glasi haikufika mezani kwa bahati. Ni tangazo la pombe lililoondolewa onyo, likaondolewa kikomo cha umri, kisha likavishwa sura ya urafiki. Na wewe unalisambaza bure.

Chukua mfano mmoja unaojulikana dunia nzima. Sex and the City. Ilionyeshwa na HBO kuanzia 1998 hadi 2004, misimu 6, sehemu 94. Wanawake wanne wa New York, viatu, mapenzi, na mkononi glasi yenye shingo ndefu na kinywaji cha pinki. Hicho kinywaji kinaitwa Cosmopolitan, wenyewe wanakikata: Cosmo. Leo ukitafuta namna ya kuandaa usiku wa kurudia tamthilia hii, utaambiwa vitu viwili. Utengeneze Cosmo, na utengeneze banana pudding ya Magnolia Bakery, kile kiduka cha keki cha Bleecker Street kilichofunguliwa 1996 na kupata jina kubwa baada ya wahusika wawili kuonekana wakila keki nje yake mwaka 2000. Watalii wakaanza kupiga foleni. Sekunde chache tu kwenye skrini, na mtaa mzima ukabadilika.

Kwa hivyo usiniambie "ni filamu tu." Wenye biashara wanajua si filamu tu.

Tazama jinsi ilivyopangika. Kampuni ya Absolut ilitoa vodka yake ya ladha ya limau, Absolut Citron, mwaka 1988. Miaka hiyo hiyo ya mwisho wa 1980, mhudumu wa baa aitwaye Toby Cecchini, pale The Odeon, Manhattan, akaanza kuichanganya kwa namna inayojulikana leo. Baadaye tamthilia ikaja, ikakiweka kinywaji mikononi mwa wanawake ambao kila msichana alitaka kufanana nao. Kufika msimu wa 6, mwaka 2003, kuna kisa kizima ambapo mhusika mmoja, mwigizaji kijana, anapata umaarufu kwa kupiga picha ya tangazo la Absolut. Tangazo la pombe likawa ndiyo hadithi yenyewe. Halafu mwaka 2022, Sarah Jessica Parker, yule yule aliyeigiza Carrie, akatoa Cosmo yake mwenyewe iliyochanganywa tayari kwenye chupa. Mwigizaji aliyekuonyesha kiu sasa anakuuzia maji. Ila si maji.

Unataka ushahidi zaidi kwamba skrini ina nguvu? Desemba 2021, tamthilia hiyo ilirudi kwa jina jipya, And Just Like That. Kwenye sehemu ya kwanza mume wa Carrie anafariki baada ya kufanya mazoezi kwenye baiskeli ya Peloton. Hisa za kampuni hiyo zikashuka kwa asilimia 11 hivi. Sawa, soko lina sababu nyingi. Lakini kampuni yenyewe haikusema "ni filamu tu." Ndani ya siku chache ilitoa tangazo la kujibu, na yule marehemu wa kwenye skrini akiwa mzima ndani yake. Basi kama kifo kimoja cha kuigiza kinaweza kuitia kampuni kiwewe, misimu 6 ya glasi za pinki inafanya nini kwa kichwa cha mtoto wa miaka 15?

Sasa tuifungue glasi yenyewe, manake wengi wanadhani ni juisi yenye jina kubwa.

Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa kimeandika kipimo chake: mililita 40 za vodka ya limau, 15 za Cointreau, 15 za maji ya ndimu, 30 za juisi ya cranberry. Vodka ni asilimia 40 ya pombe. Cointreau nayo ni asilimia 40. Piga hesabu: 55 mara 40 kwa 100, unapata mililita 22 za pombe tupu. Chupa kubwa ya Tusker ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21.

Soma tena. Kale kaglasi kadogo ka pinki, kanakomalizwa kwa mafunda machache, kana pombe sawa na chupa nzima kubwa ya bia. Sukari na ndimu zimeificha. Rangi imeificha. Na atakayekaa kutazama sehemu 94, za nusu saa nusu saa, akinywa glasi moja kwa kila sehemu mbili, anamaliza glasi 47. Nani angejitangaza mtandaoni kwamba amemaliza bia 47 mbele ya runinga? Lakini ikiwa ya pinki, tunaiita kujipenda.

Na kiafya tusidanganyane. Mwaka 1988, mwaka ule ule Absolut Citron ilipotoka, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliviweka vinywaji vya pombe kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani ya matiti imo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kinywaji kinachouzwa kwa wanawake kama alama ya uhuru ndicho kinachoongeza hatari ya ugonjwa unaowaua wanawake. Hilo halikuandikwa kwenye glasi hata siku moja.

Na hapa ndipo suala linapokuwa la haki, mbali na kuwa la halali na haramu.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Chini ya sheria hiyo chupa dukani lazima iwe na onyo la afya. Baa ina saa zake za kufungua: siku za kazi saa kumi na moja jioni, wikendi na sikukuu saa nane mchana. Wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa. Sasa niambie, glasi ya kwenye skrini ina onyo gani? Inafunguliwa saa ngapi? Inamuuliza nani kitambulisho? Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa afya yake, tena inataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya heshima. Anayelipwa kuweka chupa kwenye video yake bila kusema amelipwa anakunyima hiyo haki. Hili linamhusu Mkenya yeyote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu.

Halafu tazama ubaguzi uliomo. Mzee anayekunywa mnazi mangweni anaitwa mlevi. Anafukuzwa, polisi wanamjia, watoto wanamcheka barabarani. Kijana anayetafuna muguka kijiweni, mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza marufuku na sote tukapaza sauti. Sawa kabisa, madhara ni madhara. Lakini vodka ile ile ikimiminwa kwenye glasi nyembamba kule Nyali ama Kilimani, ikawekwa kipande cha ganda la chungwa juu, inaitwa laifustaili. Maskini akilewa ni tatizo la jamii. Tajiri akilewa ni maudhui. Wewe unayejiita mwanaharakati unakubali vipi hesabu hiyo?

Najua mtakachosema. "Sisi tunatengeneza isiyo na pombe. Mokteli. Kuna shida gani?"

Sitoi fatwa hapa, masheikh wapo, waulize. Juisi ya cranberry na ndimu ni juisi. Lakini jiulize swali moja tu: kwa nini lazima iitwe Cosmo? Kwa nini glasi iwe ile ile, picha iwe ile ile, mkono ukunjwe vile vile? Mwenye kiwanda hakuhitaji unywe leo. Anahitaji uizoee. Anahitaji siku ile uko Nairobi, kazi mpya, bosi amealika timu nzima, mhudumu anakuja na sinia ya glasi za pinki, mkono wako usishtuke. Mazoezi ulishayafanya nyumbani, miaka, ukicheka na mabeshte.

Dini yetu ililiona hili mapema kuliko sheria yoyote ya matangazo. Katazo la khamri lilikuja kwa hatua, likiwalea watu mpaka wakawa tayari. Na mafundisho hayakumgusa mnywaji peke yake. Yalimgusa anayekamua, anayebeba, anayeuza, na anayekula thamani yake. Yaani yalitazama mnyororo mzima wa biashara. Sisi leo tumeushika mkia wa mnyororo, tunamzomea mnywaji, na tunamwachia muuzaji aingie sebuleni kwa heshima zote.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wenu mmelisahau, ama hamkuwahi kuliona.

Mwaka 2010 walitoa filamu ya pili, Sex and the City 2. Hadithi inawapeleka wale wanawake wanne Abu Dhabi. Serikali ya huko haikuwaruhusu kupiga picha, wakaenda kuipigia Morocco. Na humo ndani sisi ndio tulikuwa kichekesho. Wanamkodolea macho mwanamke aliyevaa niqabu akila chipsi, kama mtu anayetazama mnyama mbugani. Kuna mahali wanawake wa Kiislamu wanavua mabuibui yao meusi, na chini yake, ajabu! nguo za fasheni za New York. Ujumbe ni kwamba ndani ya kila mama yetu kuna Mmarekani anayesubiri kufunguliwa. Hata wachambuzi wa Magharibi waliikosoa filamu hiyo vikali, na mwaka 2011 ikapata tuzo za Razzie, zile za kazi mbovu, na waigizaji wake wakuu wote wanne wakapewa tuzo ya mwigizaji mbaya zaidi.

Sasa wewe, dada yangu uliyetoka kuzozana na mlinzi getini kwa sababu ya hijabu yako, ndiyo hii unayotaka kuiwashia mishumaa? Sikwambii usiitazame. Una macho yako na akili yako. Ukitaka kutazama, tazama. Lakini itazame kama mtu anayemsoma mpinzani wake. Jua wapi wanakucheka. Jua wapi wanakuuzia. Usiwape na karamu juu.

Tuje kwenye kile kitamu, manake hapa sina ugomvi, nina tahadhari tu.

Banana pudding yenyewe ni chakula cha raha kabisa: ndizi mbivu, biskuti za vanila, kastadi, maziwa mazito ya mkebe, krimu iliyopigwa. Inakaa kwenye friji mpaka biskuti zinalainika. Magnolia wenyewe walifungua Dubai mwaka 2010 na watu wakaila bila Cosmo pembeni. Ushahidi kwamba utamu hauhitaji kilevi cha kuusindikiza.

Tahadhari yangu ni kwa vitamu vingine vinavyoingia kwa mlango wa nyuma. Tiramisu mara nyingi hutiwa mvinyo wa Marsala ama rum. Trifle ya Kiingereza hutiwa sherry. Keki ya Black Forest kwa asili ina Kirsch, pombe ya cheri. Na yule anayekwambia "ikipikwa pombe yote inaruka", mwambie hapana. Idara ya Kilimo ya Marekani ilipima. Chakula kikichemshwa ama kuokwa dakika 15 baada ya kuchanganywa na pombe, asilimia 40 ya pombe bado imo. Dakika 30, asilimia 35. Saa moja nzima, asilimia 25. Kikiwashwa moto mezani kwa mbwembwe, asilimia 75 inabaki. Kwa hivyo ukiwa mkahawani, uliza. "Hii keki imetiwa pombe?" Swali la maneno manne. Usione haya. Ukijibiwa kwa dharau, hiyo ndiyo kazi yetu kama harakati: andika siku, saa, na ulichoambiwa, utuletee.

Sasa nini kifanyike? Siwaachi na lawama tupu.

Kwanza, fanyeni usiku wenu. Msikae kwenye ukumbi wa watu mkilalamika. Mnataka glasi ya pinki? Mombasa ilikuwa na glasi ya pinki kabla Absolut hawajafikiria limau. Inaitwa faluda: maziwa baridi, sharubati ya waridi, tukmaria zilizoloweka zikavimba, askrimu juu. Mnataka kitu cha uchachu? Ukwaju uloweke, ukamue, utie sukari na barafu. Mnataka ndizi za kufariji roho? Chukua ndizi mbivu, menya, kata, zipike taratibu kwa tui zito, sukari na iliki mpaka rojo lishikane. Nyanya zetu walizipika hizo kila Ramadhani bila kuhitaji runinga iwaambie ni laifustaili. Piga picha hiyo. Posti hiyo. Andika vipimo hivyo.

Pili, jua haki yako kazini na chuoni. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu hawezi kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Ukialikwa kwenye karamu ya ofisi, huna deni la kushika glasi ili uonekane mwenzao. Huna haja ya kudanganya ati unakunywa dawa. "Asante, mimi situmii." Inatosha. Na ukianza kuadhibiwa kwa hilo, kunyimwa zamu, kuwekwa kando, usinyamaze. Hilo ni suala la kisheria.

Tatu, wewe mwenye wafuasi wengi. Ukilipwa kuonyesha bidhaa, sema umelipwa. Ukiletewa pesa za chupa, jua zimetoka wapi na zinakwenda kumnunua nani. Wafuasi wako nusu ni wanafunzi wa sekondari. Unawajua kwa majina.

Nne, na hili nalisema kwa uchungu. Acheni kuwasambaza dada zenu. Msichana akionekana kwenye picha na glasi ya pinki, ndani ya saa moja picha imeshapita kwenye makundi kumi ya WhatsApp, na kila mwanamume amekuwa mufti. Huku kaka yake anakunywa wiski kila Ijumaa usiku, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Huo si ucha Mungu. Huo ni uonevu uliovaa kanzu. Kama umeona dada yako anateleza, mwendee wewe mwenyewe, kwa siri, kwa upole, kama unavyotaka wewe uendewe. Msichana aliyeaibishwa mbele ya mtaa mzima harudi msikitini. Anakwenda pale alipopokelewa. Na pale ameshawekewa glasi mezani, imejaa.

Hatupigani na mtu anayetafuta kupumzika. Maisha ni magumu, kodi ya nyumba iko juu, kazi hakuna, kichwa kinataka kutulia. Kukaa na watu unaowapenda, kula kitu kitamu, kurudia hadithi unayoijua mwisho wake, hiyo ni haja ya kila binadamu. Wauzaji wanaijua haja hiyo vizuri, ndiyo maana wameweka bidhaa yao katikati ya mapumziko yako.

Iondoe. Weka faluda. Zima mishumaa yao, washa taa yako. Na ukiona tena ile video ya glasi ya pinki inapita, kabla hujaipa laiki, iulize: onyo lako liko wapi?

Mtumie beshte mmoja anayehitaji kusoma hili. Mtumie yeye peke yake, kwa adabu. Wassalaam.